Nyundo ya Saa Tisa

Treni ya saruji imeingia Moshi saa tisa kasorobo usiku,
imechelewa Same, imechelewa tena Kahe,
imefika ikitweta, breki zikinuka chuma kilichoungua.
Dereva Shemhilu anashuka, anajinyoosha kiuno,
gadi anatafuta kalamu aliyoibandika sikioni mwenyewe,
nami nachukua tochi na nyundo ya mpini mrefu,
naanza kazi yangu ya kubisha hodi.

Mabehewa ishirini na mawili. Kila moja magurudumu manane.
Zidisha wewe. Mimi siku hizi nahesabu kwa bega.

Ngaa, linasema gurudumu zima,
na mlio unatembea kwenye reli, unashuka kwenye mataruma,
unanirudia kupitia soli za buti.
Ngaa. Ngaa.
Mbwa wa Njoro wamenizoea, hawabweki tena.

Chuoni Tabora walinipa cheti.
Sikio nilipewa Usangi, na mama, mfinyanzi,
aliyenisimamisha mbele ya vyungu vilivyotoka motoni jana:
"Gonga kwa kifundo cha kidole, Nakijwa.
Kizima hujibu. Chenye ufa hunung'unika."
Siku moja nilikosea. Mteja alirudi gulioni na vigae kwenye kikapu,
maharage yake yameliwa na jivu.
Mama hakunipiga. Alinitafutia chungu kingine cha ufa,
akasema hiki ndicho chako cha kuchotea maji, mwezi mzima.
Nilijifunza kukimbia.

Behewa la kumi na tisa, ekseli ya pili, upande wa mlima.
Nagonga.
Tak.

Namulika. Chuma kinang'aa, hakina aibu yoyote.
Napangusa grisi kwa kiganja. Nagonga juu, nagonga chini.
Tak.
Nung'uniko lile lile, fupi,
kama mtu aliyekatishwa neno mdomoni.

Bwana Kileo, stesheni masta, anakuja na koti juu ya nguo za kulalia.
"Umeona nini?"
"Sijaona. Nimesikia."
"Kwenye fomu niandike nini, Nakijwa? Amesikia?"
Mwenye saruji amepiga simu mara tatu kutoka Arusha,
malori yake yamepanga foleni Unga Limited tangu jioni,
na vibarua wake wanalipwa wamelala.
Nayajua hayo yote. Najua pia daraja la Weruweru,
na tani arobaini zikipita juu yake gizani
kwa gurudumu linalonung'unika.

Shemhilu ametema mate pembeni, ameniangalia.
"Dada, wewe unabaki hapa.
Mimi ndiye ninayelibeba hilo behewa mgongoni. Kata."

Basi likakatwa. Saa mbili za kusogeza mbele, kurudisha nyuma,
taa nyekundu, taa ya kijani, kapla zikigongana meno,
mtu wa pointi akinitukana kwa Kichaga,
akidhani Mpare hasikii.
Kwenye fomu niliandika mwenyewe: Mlio mbovu.
Nikatia sahihi, jina lote, mpaka la babu.

Kumekucha. Treni imekwenda na mabehewa ishirini na moja.
La kumi na tisa limebaki njia ya tatu na kadi nyekundu kifuani,
saruji ndani yake inaanza kunywa umande.
Fundi atatoka Tanga, labda keshokutwa, labda wiki ijayo.
Atalipaka gurudumu mafuta ya taa, atayafuta,
atapaka chaki, kisha atasubiri.
Ufa ukiwepo, mafuta yatarudi juu yachore mstari
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
Usipokuwepo, nitaandikiwa barua.

Kabla ya kuondoka nimelirudia, kuku wakichakura kokoto pale chini.
Nimeligonga mara moja, polepole,
kama mtu anayeuliza jambo asilotaka kujibiwa.

Likanijibu.
Nikavaa sweta, nikaenda kununua maandazi.